UZI: Kabla hujamwambia mwanafunzi "wewe huna sauti", pita hapa (darasa la muziki na maigizo sekondari)

Mwalimu_Kinanda (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Leo nimemsikia mwalimu mwenzangu akimtoa kijana kwenye kwaya mbele ya wenzake, nikaona nisilale nao.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nilikuwa na miaka 14. Tulipangwa mistari mitatu, mwalimu akawa anapita taratibu mbele yetu ameinamisha kichwa, sikio lake likipita karibu na midomo yetu kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Alipofika kwangu akasimama. Akarudi hatua moja nyuma, akasikiliza tena. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliouma: "Wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe."

Miaka miwili nilifungua mdomo. Nilikuwa hodari mno wa kufungua mdomo, hata wazazi waliokaa mbele hawakujua.

Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba sikio langu halikuwa na ubaya wowote. Sauti yangu ilikuwa inashuka. Wimbo ulikuwa na sauti mbili tu: ya juu, ambayo nilikuwa nimeshaiaga, na ya chini, ambayo sikuwa nimeifikia. Nilikuwa katikati, na katikati hapakuandikwa kitu.

Mvulana anapobalehe, koo lake hukua haraka, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti huteremka kwa takriban oktava nzima (kutoka do moja hadi do ya chini yake). Kwa wengi jambo hili huangukia kati ya miaka 12 na 15, lakini haliendi kwa ratiba. Yupo anayeshuka kwa miezi michache, yupo anayeburuzwa mwaka na zaidi. Na katika safari hiyo kuna kipande ambacho noti zinazotoka vizuri ni chache mno, tano au sita hivi. Mpe wimbo unaopanda noti nane: mbili atazipata kwa kupiga kelele, nyingine itampasukia mdomoni, darasa litacheka. Wiki inayofuata, siku ya muziki, anaumwa tumbo.

Wakubwa waligombana juu ya hili zamani sana. Manuel García, mwalimu wa uimbaji ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo kutazama nyuzi za sauti zikifanya kazi, alikuwa upande wa wanaosema kijana anyamaze mpaka koo litulie. Daktari Morell Mackenzie wa London akapinga: aimbe, ila ndani ya noti alizonazo. Karne ya 20 akaja mwalimu wa muziki Irvin Cooper na kundi zima la sauti aliloliita cambiata, mahususi kwa wavulana walio njiani. Miaka ya 1970 mtafiti wa sauti John Cooksey akaipanga safari yenyewe kwa hatua, kila hatua na upana wake wa noti. Mimi niko na Mackenzie, tena si kwa ajili ya vitabu. Kijana ukimnyamazisha mwaka mmoja, harudi.

Ninavyofanya: wiki ya kwanza hatuimbi wimbo wowote. Namwita mmoja mmoja kwenye kinanda, wengine nimewapa kazi yenye kelele kelele ili anayeitwa asijione anasikilizwa na darasa zima. Namwambia ahesabu kutoka 20 kurudi nyuma kama anavyoongea siku zote. Akiwa anahesabu naitafuta ile noti anayoongelea, halafu tunashuka na kupanda kuanzia hapo. Naandika kwenye daftari jina, noti ya chini, noti ya juu, tarehe. Kwa penseli, kwa sababu baada ya wiki sita nafuta na kuandika upya.

Kuna kijana mmoja noti zake zilikuwa tano. Nikamwandikia mstari wake peke yake ndani ya wimbo wa sauti nne, so, la, so, so, la, basi. Alikuwa anaurudia kama mlinzi anayezunguka jengo. Siku moja nikamwambia anyamaze tuimbe bila yeye. Wimbo ukabaki na shimo katikati, wenzake wakageuka kumwangalia. Sikuwa na haja ya kusema kitu.

Hoja yangu ni hiyo tu: tunawatafuta wanafunzi wanaoenea nguo tuliyonayo, badala ya kumshonea kila mmoja yake. Na upande wa maigizo ni yale yale, ila huko naomba Pazia aje aseme, najua yumo humu ananisoma kimya kimya.

---

Pazia_Jekundu

Nipo, mwalimu. Umenitaja, sina budi.

Kwenye maigizo sentensi ya kuua inaitwa "weka hisia." Mwongozaji amekaa chini, mtoto yuko jukwaani amesimama kama mlingoti, anaambiwa "weka hisia, kasirika zaidi!" Mtoto anafanya nini? Anapiga kelele. Anakunja ndita. Anatikisa kidole. Kisha anaambiwa hana kipaji.

Hakuna binadamu anayekasirika kwa kuamriwa. Stanislavski, mwongozaji wa maigizo wa Urusi, aliliona hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ndiyo maana mafundisho yake yanauliza maswali makavu kabisa: uko wapi, huyu ni nani kwako, unataka nini kutoka kwake, na nini kinakuzuia. Hisia inakuja yenyewe ikikuta mlango uko wazi.

Niwape zoezi langu la kiti. Kiti kimoja katikati ya chumba. Mmoja amekaa, mwingine anaingia. Muhula uliopita nilikuwa na binti mmoja mkimya na mwenzake msemaji sana. Raundi ya kwanza nikamwambia yule mkimya: "Umekasirika kwa sababu amekaa kwenye kiti chako." Akapaza sauti, akaona haya, akacheka, tukacheka wote. Bure kabisa. Raundi ya pili nikafuta hasira yote, nikamnong'oneza: "Unakihitaji kile kiti. Usimguse, na neno kiti usilitamke." Basi.

Akaingia akasimama nyuma ya mwenzake. Kimya. Yule msemaji akaanza kujikohoza. Binti akasogea mpaka karibu kabisa na kisogo, akawa anaangalia kitu sakafuni chini ya kiti, anakiangalia tu, kisha akarudi nyuma nusu hatua. Mwenzake akainua miguu. "Kuna nini?" Hakumjibu. Akaendelea kuangalia. Sekunde nne hivi, mwenzake alikuwa amesimama juu ya mkeka upande wa pili wa chumba, na binti amekaa kitini amekunja mikono mapajani kama malkia. Darasa lilipiga makofi mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Yule ndiye aliyeambiwa miaka miwili mfululizo kwamba hafai, abebe maleba.

Michezo ya namna hii si yangu. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, aliikusanya na kuitunga kwa ajili ya watoto na vijana, kitabu chake kikatoka mwaka 1963, na mwanawe Paul Sills alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa The Second City, kikundi cha vichekesho vya papo kwa papo cha Chicago, mwaka 1959. Siri ya Spolin ni kumpa mchezaji kitu cha kushughulika nacho ili asahau kujishughulikia mwenyewe. Kijana wa miaka 15 anajifikiria saa 24. Mpe kazi.

Ila mwalimu kuna mahali sitakubaliana nawe, nitarudi.

---

Mtu_wa_Hesabu

Nimesoma yote. Uandishi mzuri, sipingi. Lakini tuongee kama watu wazima. Kijana ana masomo manane tisa, mtihani uko mbele, mnampa saa nne kwa wiki aimbe so la so na kuangalia chini ya kiti? Anayetaka kuimba siku hizi video zimejaa mtandaoni, bure, na walimu wa viwango vya dunia. Darasa la nini?

---

Mwalimu_Kinanda

Mkuu, swali la haki. La mtihani nitalirudia nikimjibu Mama_Wawili aliyenitumia ujumbe pembeni (dada, uliza hapa hapa, wengi wana swali lako). Hili la video nalijibu sasa.

Video inakuonyesha. Haikusikii. Shida ya muziki kwa kijana si kujua noti iko wapi, ni kuikaa pamoja na mtu mwingine. Fanya jaribio hili na wanafunzi wawili wenye gitaa. Mmoja aweke uzi kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, mwenzake akose kidogo tu, aweke 443. Wapige kwa pamoja. Utasikia sauti inapumua, wau wau wau, mara 3 kila sekunde, maana tofauti ya namba hizo mbili ndiyo idadi ya mapigo. Wewe ni mtu wa hesabu, hii utaipenda. Sasa mwambie yule wa 443 alegeze uzi pole pole. Mapigo yanakuwa mawili. Moja. Moja refu. Kisha yanapotea, na sauti inasimama kama maji yaliyotulia.

Nimewahi kuona kijana anasisimka mwili mzima kwa hilo. Hakuwa amefundishwa kitu kipya, alikuwa amesikia kwa mara ya kwanza maana ya kuwa sawa na mtu. Hiyo huipati peke yako chumbani na vipokea sauti masikioni.

Video nazitumia, usinielewe vibaya. Kujifunza vidole vya gitaa, mtoto akaangalie nyumbani mara ishirini, aninusuru. Darasani tuje tufanye lisilowezekana ukiwa mmoja.

---

Mtu_wa_Hesabu

Hiyo ya 443 nimeielewa. Point yako naipokea nusu. Nasubiri ya mtihani.

---

Mama_Wawili

Haya mwalimu, nimekuja mbele za watu. Binti yangu ana miaka 13 na nusu. Alikuwa anaimba vizuri tangu mdogo. Sasa sauti imekuwa na hewa hewa, kama inavuja, na anaishiwa pumzi katikati ya mstari. Kaambiwa ni mvivu wa mazoezi. Kuvunjika sauti si kwa wavulana tu?

La pili, baba yake anasema muziki uendelee kwa sababu unaongeza akili ya hesabu. Ni kweli? Maana kama si kweli sitaki kumdanganya.

---

Mwalimu_Kinanda

Dada, asante kwa kuja. Nianze na binti.

Sauti za wasichana nazo hubadilika. Hazianguki oktava, zinashuka kidogo tu, ndiyo maana watu hawatambui. Koo likiwa linakua, kwa muda nyuzi za sauti hazifungani vizuri upande wa nyuma, hewa inapita bila kufanya kazi. Hapo ndipo inapotoka ile sauti ya kuvuja, na pumzi inakwisha mapema kwa sababu nusu yake imepotea njiani. Si uvivu. Akilazimisha kuikaza ili isivuje, ndipo anapojiumiza.

Ninachowapa wasichana wangu ni mrija wa kunywea. Atie midomo kwenye mrija, avumishe sauti ndani yake, apande na kushuka polepole kama king'ora kilichochoka, dakika tatu nne, mara kadhaa kwa siku. Hewa ikikutana na ule upenyo mwembamba inarudisha msukumo kidogo nyuma, nyuzi zinakutana kwa ulaini bila kugongana. Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, ndiye aliyelieneza sana zoezi hili, na lina faida ya ziada: haliwezi kufanywa kwa kelele. Akikauka sauti asinong'one akidhani anaipumzisha, anyamaze tu. Ukiona ukavu umepita wiki mbili tatu bila kupungua, mpeleke kwa daktari wa koo, hapo si suala la mwalimu tena.

Sasa baba yake. Mwambie habari hiyo ina historia. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio dogo: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri zaidi kidogo kwenye maswali ya kuwazia maumbo. Athari yenyewe ilidumu kama robo saa. Dunia ikageuza ikawa "Mozart anaongeza akili", watu wakauziana kanda za watoto wachanga.

Jaribio ninaloliheshimu zaidi ni la Glenn Schellenberg, Toronto, lililochapishwa mwaka 2004. Alichukua watoto 144 wa miaka sita, akawagawa: kinanda, uimbaji, maigizo, na kundi lisilopewa kitu. Baada ya mwaka, wa muziki walikuwa wamepanda kwenye kipimo cha akili zaidi ya wengine, ila kwa alama chache tu. Na wa maigizo? Akili haikupanda kupita wengine, lakini tabia ya kuishi na wenzao iliboreka, na ya wa muziki haikuboreka hivyo. Baadaye watafiti waliojumlisha majaribio mengi wametilia shaka hata zile alama chache za muziki. Tena hao walikuwa wadogo, si wa sekondari.

Kwa hiyo Mtu_wa_Hesabu, jibu langu ndilo hilo, halikupendelei wala halinipendelei: anayetaka hesabu zipande, afanye hesabu. Mimi siuzi muziki kama dawa ya somo lingine. Sijawahi kumsikia mwalimu wa fizikia akijitetea kwamba fizikia inamfanya mtoto aimbe vizuri.

---

Mtu_wa_Hesabu

Hahaha, hapo umenimaliza. Nakaa.

---

Mama_Wawili

Nitamwonyesha baba yake na hii ya fizikia. Mrija tumeshaanza, nyumba nzima inavuma.

---

Pazia_Jekundu

Nimerudi, kwanza niongeze moja kwa Mama. Kuna kazi ya wanasaikolojia Thalia Goldstein na Ellen Winner ya mwaka 2012, hii inahusu na vijana wa sekondari. Waliosoma uigizaji mwaka mzima walilinganishwa na waliosoma sanaa nyingine, na wa uigizaji wakapanda zaidi katika kusoma hisia na mawazo ya mwenzao. Sishangai. Ukishinda mwaka unauliza "huyu anataka nini", huwezi kutoka ulivyoingia.

Sasa ugomvi wangu na Mwalimu_Kinanda. Nimemsoma kwenye nyuzi nyingine akisema maonyesho ya mwisho wa mwaka yanaharibu darasa. Mwalimu, mimi bila tarehe sina darasa. Kijana ukimwambia "tunajifunza mchakato" anakuja wiki mbili. Mwambie tarehe 20 pazia linafunguliwa na watu 200 wamekaa, uone kama hajaja mapema na kufagia jukwaa mwenyewe. Woga wa tarehe ndio unaowafundisha kutegemeana.

---

Mwalimu_Kinanda

Pazia, hili tumeshalibishania mpaka chai ikapoa. Tarehe naikubali. Ninachokataa ni miezi mitatu ya kurudia onyesho moja la dakika 40 ambamo watoto watano wanasema maneno yote na ishirini ni "wanakijiji." Wanakijiji hao wamejifunza nini? Kusimama.

---

Pazia_Jekundu

Kwa wanakijiji nakubali, tena nina hatia. Siku hizi nachagua vipande vingi vifupi badala ya igizo moja refu: watu wawili wawili, dakika tano tano, kila mmoja ana mtu wa kumkabili. Hakuna mkuu wala mdogo. Kazi kwangu inakuwa mara tatu, siwafichi.

Na kabla mtu hajauliza maandishi yanatoka wapi: angalieni haki za mwandishi. Mkataba wa Bern, makubaliano ya kimataifa ya haki za waandishi, unalinda kazi angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, nchi nyingi zimefikisha 70, na kuigiza mbele ya watu kunahitaji ruhusa hata kama hukutoza kiingilio, isipokuwa sheria ya nchi yako iwe imezipa shule nafuu. Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Urusi, alifariki 1904, kazi zake ziko huru. Lakini tafsiri ya Chekhov iliyotoka juzi ina mwenyewe. Watu wengi hujikwaa hapo.

---

FundiTaa

Mimi si mwalimu, ni fundi wa taa, nasaidia vikundi vya shule jioni. Mnaongelea waimbaji na waigizaji tu, mmesahau wa gizani.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hataki kupanda jukwaani hata umlipe. Tukampa kazi ya msimamizi wa jukwaa. Kazi yake: kila mwigizaji anapohama, anaandika kwenye nakala yake, pembeni mwa mstari, ameenda wapi. Kila taa inapowaka, namba. Kila mlio, namba. Wiki ya tatu mwongozaji anabishana na mwigizaji nani alikuwa kushoto, yeye ananyanyua daftari: "Ulikuwa kulia. Ulivuka kwenye neno 'barua'." Ugomvi ukaishia hapo. Kuanzia siku ile watu wazima walikuwa wanamwuliza yeye.

Usiku wa onyesho anakaa pembeni na kipaza sauti cha kichwani, ananiambia "taa 14, jiandae," anasubiri, anasubiri, "washa." Bila yeye mimi sigusi kitu. Mwigizaji akiruka kurasa mbili kwa woga, ni yeye anayejua sasa tuko wapi na taa ipi ifuate. Hilo nalo ni darasa la maigizo, na mtoto huyo hakuwahi kusema neno moja mbele ya hadhira.

(Naye anatumia penseli, Mwalimu_Kinanda. Nimecheka niliposoma.)

---

Pazia_Jekundu

Fundi, hapo umesema kweli tupu. Na tatizo letu walimu, kazi hizo tunazigawa kama adhabu. "Umeshindwa kuigiza, nenda kwenye taa."

---

Kijana_wa_Nyuma

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nina miaka 14. Nimesoma uzi wote kwa siku mbili.

Nina maswali mawili. La kwanza, nimepewa nafasi kwenye igizo, mistari ninaijua nikiwa nyumbani, nikisimama mbele ya watu inapotea yote, moyo unapiga hadi nausikia masikioni. La pili ni kama la mwalimu. Kwenye kwaya nimeambiwa nishikilie vitabu. Sauti ikitoka inakatika. Sijui kama nina sikio.

---

Pazia_Jekundu

Marahaba mwanangu. Karibu mbele.

Mistari kwanza. Unakariri vipi? Nakisia: unaficha karatasi, unasema, unachungulia, unarudia. Hivyo unakuwa umekariri karatasi. Ukipanda jukwaani, karatasi haipo. Helga Noice, mwanasaikolojia, na mumewe Tony Noice, mwigizaji, wamechunguza miaka mingi waigizaji wazoefu wanavyoshika maneno, wakakuta kwamba hawaanzi kwa kukariri. Wanapekua kila mstari: nausema ili iweje? Namwomba? Namchokoza? Namficha kitu? Maneno yanakaa kwa sababu yana kazi.

Fanya hivi. Chukua mstari wako wa kwanza, pembeni yake andika kitenzi kimoja. Wa pili, kingine. Kisha omba mtu yeyote nyumbani akusomee mistari ya mwenzako huku unatandika kitanda au unakunja nguo, usikae. Ukikwama usirudi mwanzo, jiulize tu "nilikuwa nataka nini kwake?" Mara nyingi neno litakuja.

Moyo kupiga: usijaribu kuutuliza. Mtafiti Alison Wood Brooks, kwenye kazi iliyotoka mwaka 2014, aliwaimbisha watu karaoke mbele ya mtu wasiyemjua. Waliotakiwa kujiambia kwa sauti "nina hamu" kabla ya kuanza walipata alama za juu kuliko waliojiambia "nina wasiwasi." Mwili wa mtu mwenye hamu na wa mtu mwenye woga unapiga moyo ule ule. Kubadilisha jina la kitu ni rahisi kuliko kuusimamisha moyo.

La sikio namwachia mwenyewe.

---

Mwalimu_Kinanda

Marahaba, kijana.

Wapo kweli watu ambao ubongo wao hautofautishi noti tangu kuzaliwa. Isabelle Peretz wa Montreal amewachunguza sana. Zamani walikadiriwa kuwa kama 4% ya watu, hesabu ya karibuni imeshuka hadi takriban 1.5%. Kwa hiyo kwenye darasa la wanafunzi 40, huenda yumo mmoja, huenda hayumo kabisa. Na hao aghalabu hawajui kwamba wanakosea. Wewe unajua sauti yako inakatika na inakuuma. Anayesikia kosa ana sikio.

Nikupe kazi. Weka programu ya kinanda kwenye simu. Hesabu kwa sauti 20, 19, 18, 17, kama unavyoongea, usipambe. Tafuta kitufe kinachofanana na sauti hiyo. Kisha shuka kitufe kimoja kimoja cheupe ukivumisha "uu", uache kabla hujaanza kukwaruza. Rudi, panda, uache kabla haijakatika. Usijaribu kushinda. Andika ya chini kabisa na ya juu kabisa, uniletee hapa. Hata zikiwa mbili.

---

FundiTaa

Kijana, nasi tunasubiri hizo noti. Mimi nimejipima pia hapa, nimekuta saba, mke wangu ametoka nje.

---

Kijana_wa_Nyuma

Mwalimu, samahani nimechelewa, nilisubiri watu watoke nyumbani.

Nimefanya mara tatu, majibu yanafanana. Chini ni la, ile iliyo chini ya do ya katikati. Juu ni re. Ya mi inakatika.

Ni nne tu.

---

Mwalimu_Kinanda

La, ti, do, re. Nimeziandika, na tarehe ya leo.

Nitajie wimbo mnaoufanyia mazoezi kwenye kwaya na ufunguo wake, kama huujui ufunguo piga picha ukurasa wa kwanza. Kesho jioni nitakuwekea hapa mstari wako. Utampelekea mwalimu wako kwa adabu, usimwambie umetoka mtandaoni, mwambie unaomba kuujaribu ukiwa umeshikilia vitabu.

---

Kijana_wa_Nyuma

Ufunguo ni fa. Picha naituma sasa hivi.